STOO YA KILWA IKO JUU YA LORI

Naandika kutoka Kilwa Kivinje. Nilipotea kidogo, mtanisamehe, nilikuwa Kipatimu wiki mbili namsaidia bibi kukausha muhogo. Najua kuna watakaosema huyu dogo kaishiwa, siasa zote hizi mjini yeye anatuletea habari za makopa na mbaazi. Subirini kwanza. Mi naona stoo ya nyumbani ina siasa nyingi kuliko hizo mnazozitaka, na nikimaliza mtaniambia kama nimekosea.

Tuanze na barabara. Karibu mzigo wetu wote wa dukani hapa Kilwa unatoka Dar es Salaam, kilometa 300 na ushee. Zamani, kabla sijapata akili, safari hiyo ilikuwa ya kuagana kabisa. Unavuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, masika yakichachamaa mnalala njiani siku tatu, nne, wengine wiki. Agosti 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, watu wakashangilia. Kikabaki kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilometa 60 tu, lakini kilitutesa miaka na miaka mpaka lami ikakamilika. Leo basi likitoka Mbagala asubuhi, mchana abiria wanashuka Nangurukuru wananunua korosho.

Lami ilituletea neema, tusiwe wanafiki. Sembe ya viroba, mchele wa Mbeya, vitunguu, viazi mviringo, mayai ya trei, nyanya zinazofika hazijapondeka. Wavuvi wetu nao wakapata soko la Feri, samaki analala kwenye barafu Kivinje anaamkia Dar. Lakini polepole, bila mtu kutangaza, lami ikaondoa kitu kimoja majumbani kwetu. Ikaondoa STOO. Kwa nini uhangaike na gunia la mtama chumbani, panya wanakusumbua, wakati duka liko hatua kumi na linafungwa saa nne usiku?

Kwa bibi yangu kule Kipatimu hali ilikuwa tofauti, nimeiona kwa macho yangu nilipokuwa shule ya msingi. Jikoni juu ya mafiga kulikuwa na uchaga, mahindi yamepangwa na maganda yake, meusi kwa moshi, mdudu hasogei. Mtama ulikaa kwenye kilindo cha gome la mti. Mbaazi na kunde zilichanganywa na majivu kwenye madebe. Nazi kavu zilirundikwa pembeni na makumbi yake, hazifuliwi mpaka siku ya kukunwa. Ng'onda zilining'inia kwenye kamba, za kwetu zilikuwa zinapandishwa kutoka Pwani kwa kubadilishana na mpunga na machungwa. Chumvi iko kwenye mtungi. Majani ya kunde yaliyokaushwa yako kwenye kikapu, yanaonekana kama takataka, ukiyachemsha na tui zito unasahau nyama. Na ufunguo wa chumba kile ulikuwa umefungwa kwenye pindo la khanga ya bibi, hata babu alikuwa anaomba.

Sasa tuone miaka ya karibuni imetufundisha nini.

Januari 2020 mafuriko yalipiga wilaya yetu, yakaua watu wengi na yakasomba mashamba na vyakula vilivyokuwa ndani. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na sisi tuko jirani kabisa. Mvua ile haikuwa ya kawaida. Barabara ikakatika sehemu kadhaa upande wa Somanga na kuendelea, malori yakapanga foleni pande zote mbili, waziri wa ujenzi wa wakati ule, Innocent Bashungwa, akapiga kambi huko huko. Ilichukua karibu wiki magari yakaanza kupita kwa kubahatisha. Serikali ikaahidi madaraja mapya. Haya. Mwaka haujaisha, Aprili 2025, maji yakala tena pale Somanga Mtama. Safari hii alikuja waziri mwingine, Abdallah Ulega. Watu wa Lindi na Mtwara waliokuwa na haraka wakaambiwa wazunguke Songea na Masasi. Chukua ramani uone: Dar, Morogoro, Iringa, Songea, Masasi, Lindi, ndo urudi Kilwa. Ni zaidi ya kilometa 1,500 kuja mahali ambapo ni 300. Nani atakuletea kiroba cha sembe kwa njia hiyo?

Kwa hiyo ninaposema stoo ya Kilwa iko juu ya lori sipigi porojo. Lori likisimama Somanga, stoo yako imesimama Somanga.

Nitawaambia na yaliyotukuta nyumbani, maana ni rahisi kuchambua ya wengine. Kwetu tuko saba: bibi ambaye siku hizi anakaa na sisi miezi ya mvua, mama, mjomba, mimi, dada na watoto wake wawili. Mwaka 2024 shamba la Kipatimu lilitoa vizuri pamoja na mvua ile. Tulirudi na magunia matatu ya mtama na mawili ya mahindi. Mwezi wa saba nikamshika bibi. Nikamwambia bibi, huu mtama nani anakula siku hizi? Watoto wanataka sembe nyeupe, wengine wali. Tuuze, bei nzuri, ninunue kompyuta ya mtumba niache kwenda kuandikia kwenye duka la intaneti ambako nalipia kwa dakika. Chakula tutanunua, duka lipo. Mama akakubali. Mjomba akakubali kwa sababu alitaka gea ya pikipiki. Bibi hakusema kitu, akafungua pindo la khanga akanipa ufunguo.

Angalieni tarehe. Mwezi wa saba 2024. Miezi MIWILI baada ya Hidaya. Yaani barabara imekatika watu wameona, vumbi la matingatinga halijatua, na mimi msomi wa kidato cha nne nawashauri watu wauze chakula.

Kompyuta nikanunua. Ndo hii naandikia.

Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi na Idd ikawa mwisho wa mwezi. Mnajua Ramadhani ya Pwani. Tambi, mihogo ya nazi, maandazi, uji wa pilipili manga, tende, sukari inaenda kama maji. Hata nyumba maskini inatumia mara mbili ya kawaida. Idd ikaisha, mama akawa amebakiza unga wa siku mbili na nusu chupa ya mafuta, akili yake ni kwamba wiki ijayo tutanunua. Wiki ijayo ndo Somanga ikaenda na maji.

Hatukufa njaa, tusidanganyane, zilikuwa siku chache. Lakini siku chache hizo zinatosha kukuonyesha nyumba yako ilivyo. Siku ya kwanza muuza duka wetu alikuwa anauza kawaida. Siku ya pili akaanza kupima: kilo moja kwa kila nyumba, na bei imeshabadilika asubuhi na jioni. Siku ya tatu sembe hakuna, kuna ngano, na nyanya ukiuliza bei unacheka mwenyewe. Kitu cha ajabu ni kwamba samaki walikuwa bei ya kutupa, maana hawawezi kwenda Feri na barafu inayeyuka. Fungu la vibua ambalo siku nyingine unalitazama tu ukaondoka, siku ile wanakuita. Tukawa na samaki wengi hatuna cha kulia. Mtoto wa dada analia uji. Mi nimekaa barazani na kompyuta yangu, betri imejaa.

Bibi akapita akaniangalia. "Mume wangu," akasema (bibi zetu wa huku ndivyo wanavyotuita wajukuu, msishangae), "hiyo kompyuta yako leo ina nini tupike?"

Kisha akaingia chumbani kwake, akavuta debe kutoka chini ya kitanda. Makopa. Na mfuko wa mbaazi. Alikuwa amevikausha kimya kimya tangu mwezi wa tisa, hakumwambia mtu. Dada akatwanga, akachekecha, tukala ugali wa muhogo na vibua vya chukuchuku na ndimu. Uji wa mtoto ukapatikana humo humo, akachanganyiwa na tui. Mi sikumaliza sahani yangu, si kwa sababu ya kushiba.

Sasa tuingie kwenye uchambuzi wenyewe, maana jambo hili si la uzembe wa nyumba moja.

Kalenda yetu imekaa vibaya. Chakula cha shambani kinaingia kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba. Ufuta unavunwa na kuuzwa kipindi hicho hicho, Lindi ni moja ya mikoa inayoongoza kwa ufuta nchini. Korosho hela yake inakuja kuanzia mwezi wa kumi. Maana yake kuna miezi ya kujaa na miezi ya kukauka. Januari mpaka Aprili hela ya korosho imeshaliwa na ada na sare za shule, mahindi yamekwisha, mapya bado machanga. Na miezi ya mwisho ya ukame huo wa mfuko ndiyo masika yanafika, na masika ndiyo yanayokata barabara. Kimbunga cha Lindi cha mwaka 1952 kilipiga Aprili. Hidaya Mei. Somanga Mtama Aprili. Yaani stoo inakuwa tupu kabisa wakati ule ule ambao lori lina uwezekano mkubwa wa kutofika. Na kalenda ya dini inatembea kila mwaka, kuna miaka Ramadhani inaangukia humo humo kama 2024 na 2025.

Halafu tunauza rahisi na kununua ghali. Mwezi wa saba kila mtu ana mahindi, mlanguzi anakuja na mizani yake na bei yake. Mwezi wa pili unanunua mahindi yale yale, yamesagwa, yametiwa kwenye mfuko wenye picha, yamesafiri kwenda na kurudi. Ongeza na ununuzi wetu wa kupima. Mafuta ya kupima, sukari ya kupima, chai ya vijikaratasi. Ukijumlisha vipimo vya wiki unakuta umelipa zaidi ya mwenye kununua dumu. Maskini ndiye analipa bei ya juu, na si kwamba hajui hesabu, hana tu hela ya kununua dumu siku hiyo moja. Hapa ndipo nawakatalia wale wanaosema watu wa Pwani wavivu, hawaweki akiba. Mtu anayeingiza hela kila jioni kutoka baharini ananunua kila jioni. Stoo inataka hela ikae, na hela yetu haina pa kukaa.

Jambo jingine, ufuta umekula nafasi ya chakula shambani. Silaumu. Ufuta ndiyo bati, ndiyo godoro, ndiyo pikipiki. Lakini eka iliyokuwa ya mtama na kunde leo ni ufuta mtupu. Ongezea mifugo iliyoletwa huku kusini baada ya watu kuhamishwa Ihefu mwaka 2006 na 2007, imetuletea nyama na maziwa, na imetuletea pia ugomvi mashambani. Na tembo, waulizeni watu wa Liwale. Mtu akipiga hesabu ya kulinda muhogo miezi kumi na mbili dhidi ya nguruwe na tembo, anaona bora alime kitu cha miezi mitatu auze, chakula anunue. Hesabu hiyo ni sahihi mpaka siku barabara inakatika.

Kuna wakati nawaza kwamba sisi watu wa huku tuna sababu za zamani za kuogopa stoo, au tuseme za kutoiamini. Pale mjini Kivinje kuna mnara wa kumbukumbu ya Majimaji. Shuleni tunafundishwa maji, Kinjekitile wa Ngarambe, pamba iling'olewa Nandete Julai 1905, basi. Hatufundishwi sana jinsi vita vile vilivyomalizwa. Wajerumani walipoona bunduki hazitoshi walichoma ghala na mashamba, wakachukua nafaka, wakazuia watu kulima. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana mno, wengine wanasema elfu sabini na tano, wengine mpaka laki tatu, lakini wanakubaliana kwamba wengi waliuawa na njaa si na risasi. Vilima vya Umatumbi ambako bibi analima ndiko moto ulikoanzia. Aliyeshika ghala yako amekushika wewe.

Na kuna hadithi ya karibu zaidi, hii aliniambia bibi mwenyewe. Miaka ya themanini mwanzoni, baada ya vita na Idi Amin, hakuna kitu madukani. Sabuni foleni, sukari foleni, unga ukipatikana ni ule wa njano watu waliuita yanga. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, Sokoine akiwa waziri mkuu. Nia ilikuwa kuwakamata walanguzi wakubwa wanaoficha bidhaa. Lakini huku chini hofu haikuchagua. Babu alikuwa na kiduka, na nyumbani kulikuwa na mifuko ya sukari na katoni za sabuni. Usiku mmoja akaamsha watu wa nyumba, wakagawa kwa majirani, nyingine ikaenda mtoni. Bibi anasema maji yalikuwa matamu mpaka asubuhi, anacheka, lakini hacheki sana. Kwa miaka ile kuweka akiba nyumbani kulikuwa kunafanana na kosa. Sidhani hofu ya namna hiyo inaondoka kwa sababu tu sheria imebadilika. Mpaka leo bibi makopa anaweka chini ya kitanda, si sebuleni.

Sasa mtasema sawa dogo, tuweke stoo, lakini dumuzi? Swali zuri. Dumuzi aliingia nchini mwishoni mwa miaka ya sabini kupitia Tabora, kuna wanaomwita skania kwa jinsi anavyosaga mzigo. Huyu si yule funza wa kawaida wa enzi za babu. Anatoboa mahindi yakabaki unga mtupu, na kibaya zaidi kwetu anakula hata makopa. Uchaga wa moshi ulisaidia sana wakati jiko la kuni lilikuwa ndani na linawaka kutwa. Leo tunapika uani kwa mkaa saa moja mchana na saa moja usiku, moshi huo uko wapi? Kwa hiyo kurudi kwenye uchaga wa bibi kama ulivyokuwa haiwezekani, na wanaotuimbia turudie ya wazee wamalizie sentensi: turudie kwa jiko lipi?

Kinachofanya kazi, nimekijaribu mwaka huu uliopita, ni ile mifuko ya tabaka tatu. Ndani plastiki mbili nzito, nje kiroba. Unajaza, unakamua hewa yote, unafunga kila tabaka peke yake kwa kamba. Mdudu aliyemo anakosa hewa anakufa, hutii dawa. Masharti yake ni mawili. Nafaka iwe imekauka kweli, ukiing'ata inapasuka kwa sauti. Na usifungue fungue kila siku kuchota, weka ya matumizi pembeni. Nilimkosea bibi hapo, nilifunga mahindi ya kwanza hayajakauka sawasawa, tulipofungua yana ukungu. Akakataa hata kuku wasipewe. Alikuwa sahihi. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 20, na mahindi yale watu waliyavuna wenyewe wakayaweka wenyewe. Stoo mbaya inaweza kuua kuliko kukosa stoo.

Makopa nayo yana elimu yake. Muhogo mtamu unamenya, unapasua, unaanika juani siku kadhaa mpaka ulie kama jiwe. Muhogo mchungu LAZIMA uloweke au uvundike kwanza, kisha ukwangue, ndipo uanike. Watu wakiwa na njaa wanaruka hatua. Ukame nao unazidisha sumu kwenye muhogo. Jirani zetu wa Mtwara, na kule Mara, waliwahi kuripoti ugonjwa wa konzo, mtu anapooza miguu hasimami tena, na chanzo ni muhogo mchungu ulioharakishwa. Ndiyo maana makopa yanatengenezwa mwezi wa nane na wa tisa, jua kali na tumbo limeshiba, si mwezi wa tatu. Wiki mbili nilizokuwa Kipatimu bibi alinifanya nikwangue upya kikapu kizima kwa sababu ya vipande vitatu. Mbegu tunayolima ni kiroba, inavumilia ule ugonjwa wa michirizi kahawia unaoozesha mizizi, ndugu ukiwa Pwani uliza mbegu hiyo.

Samaki wakati wa masika ni kazi, jua hakuna, ng'onda inaanza kunuka kabla haijakauka. Unabanika kwa moshi au unakausha dagaa wakati wa jua na kufunga kabisa. Dagaa wa Kivinje na Somanga wanachemshwa kwa chumvi, wanaanikwa, wengi wanaondoka na malori mpaka Kongo. Ni hadithi ile ile. Watu wa mbali wana stoo ya dagaa wetu, sisi tunasubiri wa jioni.

Na kuna suala la moto. Mbaazi kavu zinataka saa mbili jikoni. Mkaa umepanda, kwa hiyo mama mwenye mbaazi ndani anaona rahisi kununua chipsi au maandazi. Mei 2024, mwezi ule ule tuliokatikiwa na barabara, rais alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Vizuri. Gesi ya Songo Songo inatoka wilaya hii hii yetu, inakwenda Dar kwa bomba tangu 2004. Mtungi wa gesi unaotumika Kivinje unakuja kwa lori kutoka Dar, kupitia Somanga. Sina la kuongeza hapo. Kwa sasa dawa yetu ni kuloweka mbaazi usiku kucha, na kuchemsha za siku tatu kwa mpigo.

Lakini hoja yangu kubwa ni hii. Tunasema hatujui kuhifadhi, si kweli. Kila mwaka ufuta wetu unakusanywa AMCOS, unapimwa unyevu, unasafishwa, unawekwa ghala kuu juu ya vichanja, una stakabadhi yenye namba, kuna mlinzi usiku, unasubiri mnada, kisha unapanda meli kwenda China na Japani. Korosho vile vile, Mtwara walianza mfumo huo wa stakabadhi ghalani mwaka 2007. Elimu yote ya kuhifadhi tunayo, na majengo tunayo. Ghala la AMCOS ninalopita kila nikienda Kipatimu, kuanzia mwezi wa pili mpaka wa tano lina mbuzi kivulini. Kwa nini mahindi na mtama wa wanachama usikae humo? Mtu anaweka magunia mawili mwezi wa saba, anapewa stakabadhi yake, anakopa kidogo kwa dhamana ya mtama wake badala ya kumuuzia mlanguzi, na Machi anakuja kuchukua chakula chake. Tunamtunzia Mchina ufuta kwenye sakafu ya saruji, na mtoto wa dada tunamtunzia makopa chini ya kitanda.

Najua pingamizi. Mjomba alinipa moja nzito: "Mjomba, ukiweka mtama kwa viongozi wa ushirika, Machi utauona?" Watu wamecheleweshewa malipo ya korosho, mwaka 2018 serikali ilipochukua korosho zote jeshi likazisomba, wakulima wengi walisubiri hela muda mrefu. Imani haiji kwa tangazo. Kwa hiyo nasema ianze ndogo, kijiji kimoja, funguo tatu kwa watu watatu na mmoja wao awe mwanamke anayepika. Sijawahi kuona kamati ya chakula yenye wanaume watupu ikajua kilo ngapi zinaliwa.

Maana hesabu ni rahisi ukimuuliza anayepika. Nyumba yetu ya watu saba inakula kilo mbili na nusu za unga kwa siku. Gunia la kilo 100 ni siku 40. Hilo tu. Gunia moja limefungwa vizuri, limewekwa Januari halijaguswa, linatuvusha masika hata Somanga ikatike mara mbili. Pembeni debe la mbaazi, nazi arobaini na makumbi yake, chumvi, dumu la mafuta, sukari inayonunuliwa Rajabu kabla bei ya Ramadhani haijapanda. Mnakumbuka sukari ilivyokuwa mwanzoni mwa 2024, mpaka serikali ikapanga bei elekezi na bado dukani ukawa unauziwa bei nyingine.

Sisi msimu huu tumeweka mifuko miwili, mmoja mtama mmoja mahindi, na makopa madebe matatu, sebuleni, wageni wanaona. Mjomba kashaanza kuulizia bei ya mtama, eti tairi la nyuma limeisha. Ufunguo uko kwa bibi, na safari hii nikimwomba hanipi.

Nina maswali mawili kwa mdau yeyote aliyeko Lindi mjini au Mtama. Ile mifuko ya tabaka tatu hapo mnauziwa shilingi ngapi siku hizi, maana huku inapatikana kwa mtu mmoja tu na bei anajipangia. Na kuna kijiji chochote mnachokijua ambacho AMCOS imewahi kuwawekea watu chakula ghalani, hata kwa msimu mmoja? Kama yupo aliyeshuhudia, aniandikie ilikuwaje, na kama iliwashinda aseme iliwashindia wapi.